Lindoni Beni, Roho Iko Pemba

Kakao iliyoanikwa inanuka siki. Nililijua hilo nilipoanza doria kwenye barabara inayotoka Mavivi, ikapita Mbau mpaka Oicha, kaskazini ya mji wa Beni, mashariki ya Kongo. Mbele ya nyumba kumetandikwa turubai, juu yake punje za kakao, na mtoto kainama anazigeuza kwa mkono. Sisi tuko juu ya gari, kofia za bluu za Umoja wa Mataifa kichwani, bunduki mapajani, jasho limejaa ndani ya fulana za kuzuia risasi. Gari likipunguza mwendo, harufu ile inakuja yote. Mimi ni Mpemba, mtu wa Mtambwe, nimekulia mbele ya jamvi la karafuu. Nilipomwona mtoto yule nilijua bila ya kuambiwa kwamba kakatazwa kwenda kucheza mbali, kwamba wingu likifunga ataitwa kwa ukali aje kukunja turubai, na kwamba madaftari yake ya skuli na dawa za bibi yake vimo humo humo, ndani ya zile punje.

Tangu nirudi watu wananiuliza vita ikoje. Barazani, msikitini baada ya sala, hata harusini. Anayeuliza huwa anataka habari za risasi. Risasi zilikuwepo, na nitazisema. Lakini nilichokiona zaidi, siku baada ya siku, ni watu wanaoogopa kwenda shamba. Kwangu mimi vita ya wenyewe kwa wenyewe ni hiyo: mti umeupanda mwenyewe, umezaa, unajua umezaa, na huthubutu kuufikia.

Nieleze kidogo tulifikaje huko. Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2098, likaunda kikosi chenye ruhusa ya kuyafuata makundi ya waasi na kupigana nayo. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ndizo zilizotoa wanajeshi. Kabla ya mwaka kwisha M23 walishindwa, lakini Kongo ya mashariki ina makundi mengi ya silaha, na kazi ikahamia Beni. Huko kuna ADF, kundi lililoanzia Uganda miaka ya 1990 kisha likajificha kwenye misitu ya upande wa Ruwenzori. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vikawa vinavamiwa, watu wanauawa kwa mapanga na mashoka majumbani na mashambani mwao. Mimi nilipitia JKU, Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar, nikaingia JWTZ, jeshi la Tanzania, na mwaka 2018 ikafika zamu yetu.

Raia wengi hudhani askari anashinda anapigana. Askari anashinda analinda, anachimba, anafua na anasubiri. Asubuhi ni kujaza viroba mchanga na kuzibua mifereji ya maji, kwa sababu Beni mvua haichoki na udongo wake mwekundu unang'ang'ania kwenye soli mpaka kiatu kinakuwa kizito. Silaha inafutwa kila siku, imetumika au haikutumika. Nguo hazikauki. Mchana kuna doria, kuna kusindikiza magari, kuna kukaa kizuizini juani. Jioni ni mesi: wali, kuku wa barafu, samaki wa kopo. Chakula kilikuwepo, hatukulala na njaa, ila nazi hakuna. Kule mchuzi ni wa mafuta ya mawese, na mtu aliyezoea kisamvu cha nazi anachukua muda kukubaliana na kisamvu chekundu. Mama alikuwa kanifungia konzi mbili tatu za karafuu kwenye mfuko wa nailoni, akanitilia begini. Nyingine zilikwenda kwenye birika ya chai, na watu wa bara ambao hawakuzoea wakawa wanaziulizia. Zilizobaki nilikuwa natafuna lindoni ili nisisinzie.

Lindo la usiku wa manane ndilo refu. Mwenzako anakugusa mguu, hakuiti. Unavaa viatu vilivyolala na unyevu, unakwenda kusimama nyuma ya viroba. Mbele kuna uwanda uliofyekwa, kisha msitu. Huoni kitu, unasikiliza tu. Hapo ndipo nyumbani kunapokuja, na mimi nilikuwa nina namna yangu ya kukupokea: naizunguka nyumba yetu. Naanza ukumbini, naangalia nani kalala wapi. Mama chumba cha mbele, kajifunga goti kitambaa kwa ajili ya baridi yabisi. Mdogo wangu kwenye mkeka, kalala na simu mkononi. Natoka mlango wa uani, napita kisimani, naingia kwenye mikarafuu ya bibi, mti kwa mti: ule ulioinama kwenye mteremko, ule uliopigwa na radi ukachipua upya, ule ambao marehemu babu alitaka uchumwe mwisho kuliko yote. Nikifika ukingoni, pale yanapoanza mabonde ya mpunga, narudi kwa njia nyingine. Sikumwambia mtu. Siku moja mwenzangu wa Singida, tukiwa tunavua viatu, akaniambia yeye lindoni huwa anawarudisha ng'ombe zizini, mmoja mmoja, kwa majina. Tukaangaliana, tukaendelea kuvua viatu.

Wakati wa mavuno ya kakao akina mama wa vijijini walikuwa wanakusanyika barabarani asubuhi na mapema, wana mapanga na magunia matupu, watoto mgongoni, wanangojana ili waende kwa kundi. Nakumbuka mmoja aliyetujia kizuizini, mtu mzima, kitenge kakifunga juu ya koti la mvua. Akasema, "Papa, sisi tuko naenda shamba. Mutakuwa hapa mpaka saa ngapi?" Kamanda wetu akamtajia saa. Yeye akahesabu kwa vidole: kwenda, kuangua, kupasua, kubeba, kurudi. Haikutosha. Akatufahamisha, bila ya kulalamika, kwamba kakao ikipasuliwa haiwezi kuachwa. Inafunikwa kwa majani ya mgomba siku kadhaa ichachuke kwanza, ndiyo ianikwe, na zamani walikuwa wanaifunika kule kule shamba. Sasa wanaibeba mbichi, nzito, inachuruzika maji, kwa sababu kulala shamba ni kufa, na ukiiacha unakuta kachukua mwengine. Wapo wenye silaha wanaovuna mashamba ya watu waliokimbia na kuyauza mazao hayo. Akaondoka na wenzake. Tulibaki barabarani mpaka tukawaona wote wamerudi, tukapitisha ile saa tuliyotaja, na kamanda hakusema neno.

Pemba tunaijua kazi ya namna hiyo. Karafuu ikichumwa leo inachambuliwa leo. Mnakaa usiku familia nzima mbele ya chungu ya karafuu, taa katikati, mnakata makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, kwa kiganja mpaka ngozi inawaka, wazee wanatoa hadithi, watoto wanasinzia juu ya magunia. Kule kwetu hofu ni mvua na kuanguka mtini, na hofu ya kuanguka si ndogo, kila msimu wapo wanaovunjika. Mama alikuwa haniondoshi macho nikiwa juu ya mkarafuu. Lakini kumwogopa mtu, shambani kwako, mchana kweupe, bibi yangu hakupata kulifikiria.

Mwaka ule ule ukaja na jambo jengine. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ilianzia Mangina, si mbali na Beni. Maradhi yale yalidumu mpaka Juni 2020, yakaua watu zaidi ya 2,200. Kila mlango ukawa na ndoo ya maji yenye klorini na mtu wa kukupima joto kwenye paji la uso. Kupeana mikono kukakatazwa. Mtu wa Zanzibar aliyelelewa kubusu mkono wa kila mzee anayekutana naye anajua hilo ni zito kiasi gani. Mzee anakuja, nywele nyeupe, kapoteza nyumba, pengine kapoteza na watoto, unataka kumpa mkono wa pole na huruhusiwi. Tukawa tunaweka mkono kifuani na kuinama. Nao wakawa wanajibu vivyo hivyo. Wataalamu wa chanjo walishindwa kufika baadhi ya vijiji kwa sababu ya mapigano, na vijiji hivyo ndivyo ugonjwa ulipojificha.

Simu ndiyo iliyoniunganisha na Mtambwe. Mtandao ukitulia nilikuwa napata sauti za mama kwenye WhatsApp, ndefu, anazungumza kana kwamba nimekaa jikoni naye. Haulizi vita. Anaanza na hali ya mvua, anakuja kwenye karafuu, ami yako kasema hivi, mchumaji fulani kapandisha ujira wa pishi, gunia tumelipeleka Wete kituoni tukalipwa, deni la dukani limekwisha, lile la bati bado. Mwisho kabisa ndiyo anasema, "Haya mwanangu, Mungu akuhifadhi na wenzako wote." Wenzangu walikuwa wanamngojea aseme hilo. Wakristo wa Mbeya na Waislamu wa Tanga, wote wanaitikia amina kwa simu iliyorikodiwa jana yake.

Ramadhani ya 2019 iliangukia Mei. Kongo ya mashariki iko nyuma ya kwetu kwa saa moja kwenye saa ya ukutani, na jua lenyewe linachelewa kuzama kwa karibu robo tatu ya saa. Kwa hiyo mimi niko kizuizini, midomo imekauka, sauti inaingia: "Siye tushafuturu. Kuna muhogo wa nazi na pweza, na uji wa pilipili manga. Wewe je?" Jua la Beni bado liko juu ya miti. Alikuwa hafanyi kusudi. Alitaka niwe nimekaa nao kwenye mkeka, nami nilikuwa naisikiliza ile sauti tena baada ya adhana ya kambini, tende mkononi, ndiyo nafungua.

Sasa niseme ya risasi. Tarehe 7 Disemba 2017, kabla hatujafika, kambi ya Watanzania iliyokuwa kwenye Mto Semuliki, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, ilishambuliwa jioni na mapigano yakaendelea kwa saa nyingi. Wanajeshi 15 wa Tanzania walikufa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alilitaja kuwa ndilo shambulio baya zaidi dhidi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa katika miaka ya karibuni. Baadhi ya mashahidi wale walikuwa watoto wa visiwa hivi, wakarudishwa kuzikwa kwao. Sisi tuliokuja baadaye tulilikuta jina la Semuliki limo ndani ya kila agizo: namna ya kujenga handaki, namna ya kupanga lindo, namna ya kuweka akiba ya risasi. Tulikuwa tunaishi kwa waliyojifunza wao.

Novemba 2018 ikaja operesheni ya Kididiwe, karibu na Beni, sisi na wenzetu wa Malawi pamoja na jeshi la Kongo. Walikufa Wamalawi, akafa na Mtanzania. Mmoja wao alikuwa Private Chancy Chitete wa Malawi. Wakati kikosi kinarudi nyuma chini ya risasi, aliona koplo wa Kitanzania kajeruhiwa, hawezi kutembea, yuko wazi mbele ya adui. Akamvuta mpaka mahali penye kinga, na wakati anamhudumia akapigwa risasi yeye. Koplo akapona. Umoja wa Mataifa ulimpa Chitete, baada ya kufa, nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 kabla ya kuuawa. Mimi nilikuwa kambini siku zile. Nakumbuka kambi ilivyonyamaza, na nakumbuka Wamalawi waliokuwa jirani yetu wakiimba usiku nyimbo za kanisani, na sisi Waislamu tukakaa nje kuwasikiliza mpaka wakamaliza. Kila nikisikia mtu anauliza Mmalawi na Mtanzania wana udugu gani, namtaja Chitete.

Jambo lililoniumiza zaidi kuliko uchovu wote lilikuwa hili: waliokuwa wanachinja watu wa Beni walikuwa wanalitaja jina la dini yangu. Aprili 2019, baada ya shambulio la upande wa Kamango, kundi la Dola la Kiislamu lilijitangaza kwamba lile ni lake. Fikiria wewe unatandika mswala, na kijiji cha jirani kimezika kwa sababu ya watu wanaosema wanasali sala hiyo hiyo. Beni wamo Waislamu wa asili, wana misikiti yao, nao wanauawa na wanahamishwa sawa na majirani zao Wakristo. Siku moja kijana wa Kinande, kabila la wenyeji wa Beni, aliyekuwa anatuletea kuni akaniona natawadha. Akasimama kidogo. Kisha akaweka kuni chini na kunisogezea ndoo. Nimelibeba tendo lile mpaka leo.

Na kuna lililokuwa linanirudia kila tukipita kwenye makambi ya wakimbizi, vile vibanda vya majani na maturubai kandokando ya barabara. Januari 2001 nilikuwa mtoto wa skuli. Baada ya maandamano ya wapinzani wa CUF ya tarehe 27 na risasi zilizopigwa siku ile, Pemba ilijaa khofu, na watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwa mashua na ngalawa kwenda Shimoni, Kenya. Wengine walipelekwa mpaka kambi ya Dadaab. Mjomba wangu alikuwa miongoni mwa waliovuka. Karafuu zake zilibaki zimeanikwa, mama akazikusanya. Hatukufika kwenye vita, Alhamdulillahi. Muafaka wa CCM na CUF ulitiwa saini Oktoba mwaka ule ule, watu wakarudi, na mwaka 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni kukubali serikali ya umoja wa kitaifa. Lakini mimi nilikwisha kuona sura ya mtu mzima anayeuliza njia iko salama. Nilipoiona tena Beni niliitambua.

Ndiyo maana pia sikuivaa sare kwa wepesi. Kwetu sare haipokewi kwa vigelegele katika kila nyumba. Mjomba alikaa muda mrefu hasemi nami nilipojiunga. Nilipokuwa kizuizini Beni na mtoto akajificha nyuma ya mguu wa mama yake kwa kuniona, sikukasirika. Nilishusha mtutu, nikachuchumaa, nikamsalimia kwanza yeye kabla ya mama. Ilikuwa inachukua sekunde chache, na naamini askari yeyote aliyetumwa kwa raia, popote pale, anao wajibu huo.

Novemba 2019, mimi nikiwa nimesharudi, watu wa Beni waliandamana na kuchoma sehemu ya majengo ya Umoja wa Mataifa, baada ya mauaji ya mfululizo. Walikuwa wanauliza mnakaa hapa kwa kazi gani ikiwa tunakufa. Niliziona picha nikiwa Mtambwe. Nilizitambua barabara. Kuna wenzangu walioudhika, na ninawaelewa, tumezika watu. Lakini yule mama wa kitenge na koti la mvua angekuwa na haki ya kuuliza swali lile, na jibu la kumtosha sina. Tulilinda barabara. Msitu ni mkubwa kuliko barabara.

Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani, haijapata kutokea. Niliposoma habari ile sikuwaza utajiri. Niliwaza watu wa Mbau na Oicha, kwamba sasa wataingia shamba hata siku ambazo wangebaki nyumbani. Januari 2025 M23 wakaiteka Goma tena, na macho ya dunia yakaelekea huko; mauaji ya vijiji vya Beni yakawa habari ya mistari miwili.

Mtoto wa dada yangu kamaliza kidato cha nne na anataka kupita njia niliyopita mimi: JKU, kisha jeshi, kisha akipangiwa nje aende. Dada hataki kusikia. Wamenitaka mimi niamue, nikakataa kuamua. Nimemwita kijana nikamweleza haya yote, pamoja na mengine ambayo siwezi kuyaandika, nikamwambia mshahara ni wa kweli na jeneza nalo ni la kweli, na akienda ajue kuna watu watamtazama usoni kujua kama leo wavune au wasivune. Kaniuliza maswali mazuri. Dada bado hajatoa jibu. Karafuu zimeshakuwa tayari, na wamekubaliana kijana achume msimu huu kwanza, kisha turudi kuzungumza sote watatu.